Ziba, Zibua

"Umezibua?" fundi wa jiko aliuliza kwenye simu, na Redio, binti ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akajibu papo hapo, "Nimezibua? Si ulisema nizibe!"

Jana fundi alimpigia akiwa karakanani, msumeno wa mabati ukilia nyuma yake. Redio alisikia: "Kabla mzee hajawasha jiko, ziba tundu la chini ya ukuta wa banda." Kweli, tunduni mlikuwa na kipande cha gunia, akadhani fundi hakumaliza kazi. Leo asubuhi akaongeza matambara, akakandika na udongo.

"Baba, hapo hata sisimizi hapiti!"

"Redio yangu! Leo mikono imeushinda mdomo," baba alicheka. Akaingia bandani kujipumzisha, akawasha kuni kwenye jiko jipya, akavuta komeo ili joto lisimtoroke.

"Nilisema zibua, mwanangu," fundi alisema, sasa polepole. "Gunia nililiweka plasta isiingie, nikasahau kulitoa. Moto unavuta hewa hapo. Ukiikosa unatoa sumu, na sumu yenyewe haina harufu. Mzee yuko wapi?"

Simu ilimponyoka. Akakimbia.

"Baba! Baba, fungua!"

Aligonga, akapiga teke, akasukuma kwa bega. Komeo halikulegea. Akapiga magoti ukutani. Udongo ulikuwa umeshakauka, na katikati yake palikuwa na alama ya kidole gumba chake mwenyewe, safi kama sahihi.

Akaanza kuuchimbua kwa kucha, huku akisikiliza kama ndani kuna anayekohoa.