Alama ya Kidole

Faki alivaa glavu nyeupe kabla ya kuigusa sarafu yake mpya ya fedha. Akaishika ukingoni, taratibu, kama anayembeba kifaranga.

"Kwenye sarafu nyingine korongo anatazama kulia," alimwambia mkewe. "Huyu wangu kageukia kushoto. Mwone anavyopendeza!"

Tunu alimwona. Yeye mwenyewe alikuwa amesuka nywele upya tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia neno.

"Usimguse kwa mkono mtupu, mke wangu. Alama ya kidole ikikaa kwenye fedha haitoki tena."

Faki alipokwenda kupokea simu, Tunu alimkandamiza korongo usoni kwa dole gumba, mpaka fedha ikapata joto lake.

Faki alirudi, akainama na lenzi yake. Akaiona alama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Ukimtazama yeye, utanitazama na mimi."

Hakufoka. Alivua glavu zote mbili, akaushika mkono wa Tunu, akaisogeza lenzi juu ya dole gumba. Ndani ya kioo jicho lake lilionekana kubwa mno, na Tunu hakujua lilikuwa linamtafuta nani.