Kodi ya Mafuta ya Nazi

Benvinda alilitandaza shati la mumewe juu ya meza, mbele ya kamati nzima, akawataka wajumbe walinuse mmoja mmoja.

"Hapo begani," alisema. "Msione haya. Mimi nimelinusa mpaka nimechoka."

Palma ya miaka ile, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, muda mfupi baada ya uhuru, ugomvi wa chumbani ulipelekwa kwenye Grupo Dinamizador, kamati ya mtaa, kama ulivyopelekwa wizi wa kuku. Basi wajumbe wakanusa. Quitéria peke yake, mtunza bohari ya dizeli, alilipitisha shati bila kulinusa. Alisema ana mafua. Wengine wakakubaliana: ni mafuta ya nazi, tena mazuri, ya kukamuliwa nyumbani.

Benvinda alikuwa mtu wa Diaca, bara kule, na nywele zake alizipaka mafuta ya mbarika aliyoletewa na mama yake. Nyumbani kwake mafuta ya nazi hayakuwamo hata ya kuonja. Sasa mume anayatoa wapi, tena begani, pale hasa kichwa cha mwanamke hulala? Wivu ulikuwa umemkondesha, usingizi umempaa. Alishawapima kwa macho wanawake wote wa mjini, wake za watu na wajane, hata bibi kizee muuza mihogo hakusalimika.

"Nataka jina," alisema. "Nikishalipata nabeba mwanangu, narudi kwetu leo hii."

Chaquir, mumewe, alikuwa ameinamisha kichwa. Mjini alipendwa sana. Tangu ilipotoka amri kwamba dizeli ni ya magari ya serikali tu, malori ya watu binafsi yalikuwa yamelala, isipokuwa lake. Lake lilikwenda Olumbi na kurudi kama kawaida, na hakuna aliyejua linakunywa nini.

"Hakuna mwanamke," alisema mwishowe. "Ni lori. Naliendesha kwa mafuta ya nazi. Debe nalibeba mwenyewe begani, namimina tangini. Humo hamna hata tone la dizeli."

Venâncio, afisa wa kodi aliyehamishiwa hapo kutoka Tete, aliacha kujipepea.

"Camarada, unajua unachokisema? Dizeli kodi yake imo ndani ya bei. Mafuta ya nazi yakikaangiwa samaki hayana kodi. Lakini yakizungusha tairi, hayo ni mafuta ya gari, yana kodi kama mengine. Na wewe hujalipa."

"Najua, camarada. Nitozeni."

Venâncio akamgeukia Quitéria. "Ni kweli humpi dizeli?"

"Ni kweli," alisema Quitéria, akikivuta kilemba chake hadi kwenye nyusi. "Tangu amri itoke sijampa hata kijiko."

Venâncio akacheka kwa nguvu. "Tangu nianze kazi hii sijaona mtu wa kujisingizia kodi! Mama, chukua shati lako, nenda kafue."

Benvinda alilichukua, uso umemwiva kwa aibu. Wivu wake ndio uliomwaga siri ya mume, wivu wake ndio ulioiingiza kodi nyumbani. Njia nzima alimwomba radhi. Chaquir alimwambia yamekwisha, na kila mwezi alikwenda kulipa kwa Venâncio bila kunung'unika, hata sukari ilipopotea nyumbani.

Wala Benvinda hakumsahau Quitéria. Angeweza kunyamaza siku ile, mwanamke wa watu, lakini alisema ukweli, akaiokoa ndoa yake. Benvinda akampelekea unga wa muhogo. Quitéria aliupokea mlangoni, macho chini.

"Dada Benvinda, ulikuwa na haja gani ya kujisumbua?"

"Pokea tu, dada. Ningekwishaondoka mimi."

Tangu hapo roho yake ilitulia. Alipofua mashati alilinusa bega, akacheka peke yake. Ilikuwa harufu ya kazi. Kipupwe kilipoingia akakata shauri amsaidie mumewe, asiwe ananunua mafuta. Jirani yake, Saquina, alimfundisha kukuna, kukamua na kuchemsha, na viganja vikamchubuka, lakini akajaza mkebe mzima.

Alfajiri ya safari aliamka na furaha kama mwali. Chaquir alikuwa ametangulia kwenye lori, ambalo lililala uani kwa bohari, penye mlinzi. Benvinda akafunua mkebe ampelekee, akaguta. Mafuta yalikuwa yamekuwa meupe, magumu, kidole hakizami.

"Saquina! Njoo uone, yameharibika!"

Saquina alichungulia uani, akacheka. "Hayajaharibika, mtu wa bara wewe. Mafuta ya nazi yakipata baridi huganda. Yaanike, jua likipanda yatayeyuka."

"Yote huganda? Hata yaliyo tangini?"

"Yatakwepea wapi? Mwambie mumeo asijisumbue, halitawaka hilo mpaka jua lipande."

Maskini mume wangu, aliwaza Benvinda, atahangaika bure na baridi hii. Akajifunga kanga vizuri, akatoka mbio na mkebe wake.

Alikuwa hajafika langoni kwa bohari aliposikia lori likiwaka, mara moja tu, bila kusita. Likatoka, Chaquir akampungia mkono kwa furaha, likampita.

Moshi ulioachwa njiani ulikuwa wa dizeli tupu, na nyuma ya moshi alisimama Quitéria, kichwa wazi, nywele zinameremeta mafuta, akifunga lango.