Antena ya Pili

Tangu watu wakatazwe kusafiri, kila sebule ilirushwa hewani, na ndugu wakawa wanaonana kwenye televisheni tu. Kila jioni Nakijwa, mjane wa milima ya Upare, aliketi kumtazama mwanawe Mbazi aliyekuwa Mpanda. Picha ilikuwa chenga tupu, na sauti haikuja kabisa. Aliona kivuli cha mtu kimemwelekea, basi akakisimulia habari za mahindi na maumivu ya goti.

Mwishowe akamwita fundi Elinami. Fundi alisimamisha antena ya pili juu ya paa, akaiunganisha na ile ya zamani, kisha akafunga busta ya kukuza mawimbi.

"Sasa utamwona mpaka kope, mama," alisema, akaaga.

Akamwona kweli, na sauti nayo ikaja. Mbazi alikuwa ameota mvi. Pembeni yake alisimama binti mdogo ambaye Nakijwa hakuwahi kuambiwa habari zake.

"Baba, mbona unaangalia chenga kila siku?"

"Bibi yako yumo humo."

"Anasema nini?"

"Sijui, mwanangu. Sijawahi kumsikia."

Nakijwa akainuka. Fundi alikuwa amekuza mawimbi yanayoingia tu. Yanayotoka yalibaki hafifu vilevile. Akaisogelea televisheni, akapunga mikono yote miwili.

"Baba, chenga zimesogea!"

"Ni upepo wa huko milimani," Mbazi alisema, akaondoka kwenda kula.

Binti alibaki akitazama. Nakijwa hakujua jina lake, akamwita "mjukuu wangu, mjukuu wangu," mpaka sauti ikamkauka.