Kidirisha Cheusi

Nyundo ya Chube ilianza na kipanya cha kompyuta, kikapasuka kama yai. Kisha ikashuka kwenye mkono wa kulia wa Sikudhani, karani wa ardhi, na mifupa ikalia vilevile.

"Haya dada, kiandikishe sasa hicho kiwanja kwa jina la mjane, tuone," Chube akamcheka. "Bosi wangu anakitaka. Au utabonyeza kwa pua?"

"Pua ina mafua," Sikudhani akajibu, meno yakigongana. Kofi likamwangusha pamoja na kiti.

Chube akashuka ngazi akipiga mluzi. Maskini, alizijua kompyuta za kubofya picha tu. Daftari la viwanja lilikuwa programu ya kale, maandishi matupu, iliyojibanza ndani ya kidirisha cheusi pembeni mwa skrini. Haikuwahi kusikia habari za kipanya.

Sikudhani akajiinua. Kwa kidole cha kushoto akaandika jina la mjane, herufi moja moja, na vibonye vikongwe vikalia tak, tak.

Huko ngazini, mluzi ukakatika. Hatua zikaanza kupanda.

HIFADHI? kidirisha kikauliza. Akabonyeza ndiyo.

SUBIRI, kikaandika bila haraka, na kitasa cha mlango kikazunguka.