Ufunguo wa Kabati la Sukari

Windows ya kompyuta ya nyumbani ilipojaa virusi, Bi Mwanahawa aliing'oa akaweka mfumo mwingine, Linux, na mumewe, Mzee Shekue, akamsifu. Leo mzee alitaka kupakia programu ya kumwona kwa video kaka yake, aliyekuwa mahututi ng'ambo. Kompyuta ikagoma: ilidai neno la siri la mkewe.

"Mama Zena, njoo uliandike. Kaka anakata roho!" alimwita mkewe.

"Subiri."

Mzee akauvua shingoni ufunguo wa kabati la sukari, ambao tangu ndoa hakuwahi kumwachia mkewe hata siku moja. Akauweka mezani.

"Basi, chukua."

Bi Mwanahawa hakuutazama. Alimimina chai, akainywa bila sukari kama alivyozoeshwa, funda baada ya funda, na kisanduku cha neno la siri kwenye skrini kikabaki kitupu, kikingoja.