Uso Mmoja Ukumbini

Katika ukumbi ule, wimbo mpya usipopendeza, watu huligeuzia jukwaa mgongo. Bendi iliyogeuziwa mgongo na ukumbi mzima haialikwi tena.

Vijana wa mtaani walipoanza kupiga wimbo wao wa roki uliotoka wiki ile, migongo iligeuka safu kwa safu. Shekue peke yake alibaki amelikabili jukwaa.

“Geuka, bwana,” rafiki yake Chande alimnong'oneza. “Watasema umeoa bendi.”

“Wewe umeusikia leo. Mimi nimelala nao masikioni wiki nzima. Ngoja gitaa la pili liingie.”

“Likiingia ndiyo nini?”

“Wewe ngoja.”

Mwimbaji aliuona uso ule mmoja, akauimbia. Gitaa la pili likaingia.

Shekue akatazama viatu vya Chande. Kisigino kimoja kilikuwa kimeanza kuzunguka, ncha ya kiatu ikielekea jukwaani.