Sauti ya Mbaruku kwenye Lifti

Siku hizi lifti ya nyumbani ya kunyanyulia gari hainyanyui kitu mpaka watu wawili waseme "salama", na mjane hutiliwa humo sauti ya marehemu mumewe iwe ya pili.

Basi Bi Sikudhani, mjane wa Mbaruku, akaingiza pikapu lao zito katikati ya nguzo mbili za lifti, akapanga mikono yake ya chuma chini ya fremu ya gari. Mkono mmoja akauacha ukingoni mwa fremu makusudi. Zamani, kwa kosa kama hilo, Mbaruku angemfokea: "We kibibi, wataka nikuzike na pikapu langu?" Naye angemjibu: "Nizike, lakini uoge kwanza!"

"Mkono wa kushoto umekaa vibaya," ikasema sauti ya Mbaruku kutoka nguzoni. "Tafadhali urekebishe, mke wangu."

Bi Sikudhani akashika kiuno. "Tafadhali? Tangu lini weye ukajua tafadhali? Nitukane, mume wangu, japo tusi dogo la kunichangamsha."

"Samahani. Tafadhali urekebishe."

Akainama. Badala ya kuusukuma ule mkono ndani, akauvuta nje zaidi, akasema kwa sauti, "Salama!" Akasimama palepale, machozi yakimlengalenga, akingoja kufokewa.

Sauti ya Mbaruku ikamshukuru kwa uvumilivu wake.